Bei ya Kitabu na Hofu ya Dola: Utawala wa Kiimla, Udhibiti na Mabadiliko ya Uchumi katika Urusi, 1861–1917

Utangulizi

Mwezi Januari 1897 dola ya Urusi iliwahesabu watu wake wote katika sensa ya kwanza ya jumla. Fomu za sensa hiyo zilimtaka kila mtu aeleze kazi yake. Tsar Nicholas II, ambaye naye alihesabiwa, alijaza kwamba yeye ndiye mwenye ardhi ya Urusi. Neno la Kirusi alilolitumia, khozyain, lina maana iliyo karibu na ile ya mwinyi katika Kiswahili: mtu anayemiliki nyumba pamoja na vilivyomo na waliomo, na ambaye hadaiwi maelezo na yeyote kuhusu namna anavyovitumia. Sensa iyo hiyo ilibainisha kwamba dola ilikuwa na watu wapatao milioni 125, na kwamba takriban 21 katika kila 100 walijua kusoma. Kwa wanaume kiwango hicho kilikuwa 29 katika kila 100. Kwa wanawake 13.

Mambo haya mawili, mwinyi asiyehojiwa na raia anayeanza kusoma, ndiyo kiini cha makala haya. Wahakiki wengi wameueleza udhibiti wa fasihi katika Urusi ya kifalme kama vita baina ya dola na fikra. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Ushahidi wa sheria na wa maandishi yenyewe unaonyesha kwamba jambo lililoiogofya dola lilikuwa bei ya fikra zaidi ya fikra zenyewe: nani angemudu kuinunua, na angeisomea wapi. Makala haya yanadai kwamba udhibiti wa Urusi ulikuwa, kwa sehemu kubwa, sera ya kitabaka, na kwamba ulivunjwa na mabadiliko ya kiuchumi ambayo dola hiyohiyo iliyaanzisha kwa manufaa yake. Tarehe zinazotajwa ni za kalenda ya kale ya Urusi, iliyokuwa nyuma ya kalenda ya sasa kwa siku 12 katika karne ya 19 na siku 13 katika karne ya 20.

Mtwana Aliyekombolewa kwa Deni

Kushindwa kwa Urusi katika Vita vya Krimea (1853–1856) kuliwafunza watawala wake kwamba jeshi la watwana haliwezi kushindana na majeshi ya mataifa yenye viwanda na reli. Tarehe 19 Februari 1861 Alexander II alitia sahihi sheria iliyowakomboa watwana, yaani wakulima zaidi ya milioni 20 waliokuwa mali ya makabaila. Hata hivyo, ukombozi huo ulikuja na kamba yake. Mkulima alitakiwa kulipia ardhi aliyopewa kwa muda wa miaka 49. Ardhi yenyewe ilishikwa na jumuiya ya kijiji, nayo jumuiya iliwajibika kwa pamoja kulipa kodi za wanajumuiya wote hadi mwaka 1903. Aliyetaka kwenda mjini kutafuta kazi alihitaji hati ya ruhusa.

Matokeo ya mpango huo yalikuwa ya aina mbili zinazokinzana. Kwa upande mmoja, sheria ilimfunga mkulima kijijini. Kwa upande mwingine, deni lilimsukuma atoke. Fedha taslimu zilihitajika kila mwaka, nazo hazikupatikana ila kwa kuuza nafaka au kumpeleka kijana kiwandani. Kijana huyo aliandika barua, alitia sahihi mikataba, alisoma kanuni za adhabu zilizobandikwa ukutani pa kiwanda. Mabaraza ya wilaya na majimbo yaliyoitwa zemstvo, yaliyoundwa mwaka 1864, yalijenga shule za msingi vijijini. Miongoni mwa vijana walioingizwa jeshini mwaka 1874, wapatao 21 katika kila 100 walijua kusoma. Kufikia 1913 idadi hiyo ilikuwa imefika takriban 68.

Badiliko hili linaonekana hata katika nasaba za waandishi na wachapishaji. Babu yake Anton Chekhov alikuwa mtwana aliyejinunulia uhuru mwaka 1841. Ivan Sytin, aliyekuja kuwa mchapishaji mkubwa kuliko wote nchini, alikuwa mwana wa karani wa kijiji aliyesoma shule kidogo tu. Fasihi ambayo hapo awali iliandikwa na makabaila na kusomwa na makabaila ilikuwa inabadilisha wenyewe.

Hatari Iliyopimwa kwa Unene

Kanuni za uchapishaji za Aprili 1865 ni hati muhimu kwa yeyote anayetaka kuelewa jinsi dola ilivyomtazama msomaji. Kwa mujibu wa kanuni hizo, vitabu vilivyochapishwa katika miji mikuu ya St Petersburg na Moscow havikulazimika tena kupelekwa kwa mdhibiti kabla ya kuchapishwa, mradi kitabu kilichotungwa kwa Kirusi kiwe na karatasi zisizopungua 10 za matbaa, yaani kurasa 160 hivi, na kitabu kilichotafsiriwa kiwe na karatasi 20, yaani kurasa 320. Kitabu chembamba kiliendelea kukaguliwa kabla ya kutoka. Majarida nayo yaliweza kuondolewa ukaguzi huo kwa idhini ya waziri na kwa kuweka amana ya maelfu ya rubli.

Yafaa mantiki ya kanuni hizi ichunguzwe kwa makini. Hazisemi lolote kuhusu maudhui. Zinasema kwamba kitabu kinene hakina madhara kwa kuwa ni ghali, na kilicho ghali husomwa na watu wenye nyumba, mishahara na hofu ya kuvipoteza. Kijitabu ndicho chenye hatari, kwa sababu hupita mikononi mwa wengi. Udhibiti hapa unafanya kazi kama ushuru wa forodha.

Mfano maarufu wa mantiki hiyo ni tafsiri ya Kirusi ya juzuu ya kwanza ya Das Kapital ya Karl Marx. Mdhibiti aliyekisoma kitabu hicho alitambua kwamba mwandishi wake ni msoshalisti. Pamoja na hayo alikipitisha mwaka 1872, kwa hoja kwamba ni kitabu kigumu cha kitaalamu ambacho wachache wangekisoma na wachache zaidi wangekielewa. Hiyo ndiyo iliyokuwa tafsiri ya kwanza ya kitabu hicho katika lugha yoyote, nayo ikatoka kihalali katika nchi iliyokuwa na utawala wa kiimla kuliko zote za Ulaya.

Haifai kudhani kwamba mfumo huo haukuwa na ukatili. Nikolai Chernyshevsky alikamatwa mwezi Julai 1862 na kufungwa katika Ngome ya Petro na Paulo. Humo gerezani aliandika riwaya ambayo jina lake ni swali, Ni Lipi la Kufanywa? Hati yake ilipita mbele ya tume iliyokuwa ikimchunguza, kisha mbele ya mdhibiti, na ikachapishwa katika jarida la Sovremennik mwaka 1863. Watawala walipotambua kosa lao riwaya hiyo ilipigwa marufuku hadi wakati wa mapinduzi ya 1905, na mwandishi alitumia karibu miaka 20 Siberia. Jarida lenyewe lilifungwa mwaka 1866 baada ya jaribio la kumuua Tsar. Vijana waliendelea kuinakili riwaya hiyo kwa mkono. Hata hivyo, ni vyema kukumbuka kwamba wanakili hao walikuwa hasa wanafunzi wa vyuo na shule za sekondari. Msomaji wa kiwandani na kijijini alikuwa bado yuko nje ya mlango.

Sheria ya Dharura na Watoto wa Wapishi

Alexander II aliuawa kwa bomu tarehe 1 Machi 1881. Mwezi Agosti mwaka huo serikali ya mwanawe, Alexander III, ilitoa kanuni za kulinda usalama wa dola zilizowapa magavana na polisi uwezo wa kuwakamata watu, kuwahamisha, kuzuia mikutano na kufunga magazeti bila ya kupitia mahakamani. Kanuni hizo zilikusudiwa kudumu kwa miaka 3. Zilifanywa upya mara kwa mara hadi dola yenyewe ilipoanguka mwaka 1917. Hivyo, kwa miaka 36, hali ya dharura ndiyo iliyokuwa hali ya kawaida katika sehemu nyingi za nchi.

Mwaka 1882 kamati ya watu wanne, yaani mawaziri wa mambo ya ndani, elimu na sheria pamoja na msimamizi mkuu wa Sinodi Takatifu, ilipewa mamlaka ya kulifunga jarida lolote moja kwa moja. Jarida la Otechestvennye Zapiski, lililohaririwa na mtunzi wa tashtiti Saltykov-Shchedrin, lilifungwa mwaka 1884. Ni mwandishi huyo aliyelipa jina la 'lugha ya Aesop' lile fumbo ambalo waandishi wa Urusi walilitumia kusema yasiyosemeka. Mwaka huohuo vyuo vikuu vilinyang'anywa uhuru wa kujitawala. Na mwaka 1887 waziri wa elimu, Ivan Delianov, alitoa waraka uliotaka shule za sekondari ziache kuwapokea watoto wa madereva wa magari ya farasi, watumishi wa nyumbani, wapishi, wafuaji na wenye maduka madogo. Waraka huo, uliokuja kuitwa waraka wa watoto wa wapishi, ulisema waziwazi kile ambacho kanuni za 1865 zilikisema kwa hesabu ya kurasa.

Mwaka 1891 mantiki hiyo ilitamkwa na Tsar mwenyewe. Hadithi ya Tolstoy, Sonata ya Kreutzer, ilikuwa imepigwa marufuku. Mkewe Tolstoy, Sofia, alimwendea Alexander III kumwomba aiachilie. Tsar alikubali, kwa sharti kwamba itolewe ndani ya juzuu la mkusanyiko wa kazi zote za mwandishi huyo, si kama kitabu cha peke yake. Hakuna neno lililobadilishwa kwa agizo hilo. Kilichobadilika ni bei.

Njaa ya 1891 na Neno Lililoogopwa

Wakati huohuo uchumi ulikuwa unaendeshwa kwa kasi mpya. Ivan Vyshnegradsky, waziri wa fedha kuanzia 1887, alitaka kujaza hazina dhahabu ili Urusi iaminiwe na wakopeshaji wa Ulaya. Njia yake ilikuwa kuuza nafaka nje kwa wingi, kukaza ukusanyaji wa kodi na kuongeza ushuru wa bidhaa za kigeni. Mkulima aliyedaiwa kodi wakati wa mavuno alilazimika kuuza nafaka wakati ilipokuwa rahisi kuliko nyakati nyingine zote. Mvua zilipokosekana katika majimbo ya Mto Volga na ya ardhi nyeusi mwaka 1891, ghala za vijiji vingi zilikuwa tupu. Njaa hiyo, pamoja na kipindupindu kilichoifuata, iliua watu wapatao 400,000.

Wanahistoria wa uchumi hawakubaliani kuhusu hali ya jumla ya wakulima katika kipindi hiki. Alexander Gerschenkron alishikilia kwamba dola ilichukua nafasi ya mabepari waliokosekana na kuwatoza wakulima gharama ya viwanda. Paul Gregory, katika utafiti wake wa mwaka 1982 kuhusu pato la taifa, alionyesha kwamba kwa wastani ulaji wa nafaka vijijini uliongezeka. Lakini wastani hauzuii majimbo mazima kufa njaa katika mwaka mmoja, na ni katika mwaka huo mmoja ambapo uhusiano baina ya dola na maneno ulidhihirika.

Maafisa walipendelea kusema juu ya 'upungufu wa mavuno'. Makala ya Tolstoy yaliyoitaja njaa kwa jina lake yalizuiwa katika jarida yaliyoandikiwa. Yalitokea kwa Kiingereza katika gazeti la Daily Telegraph la London mwezi Januari 1892, na ndipo gazeti la kihafidhina la Moskovskie Vedomosti likayatafsiri tena kwa Kirusi ili kumshtaki mwandishi kwa uchochezi. Kwa njia hiyo ya mzunguko, gazeti la upande wa serikali likawa ndilo lililowafikishia Warusi maneno yaliyokatazwa. Tolstoy mwenyewe alikuwa katika jimbo la Ryazan akifungua majiko ya kuwalisha wenye njaa, na Chekhov alikuwa akizunguka majimbo ya Nizhny Novgorod na Voronezh katika kazi kama hiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua: serikali ililazimika kuwaruhusu raia waunde kamati za msaada, na raia waliojifunza kuendesha majiko na kuhesabu magunia hawakurudi tena katika unyamavu wa zamani.

Reli, Kiwanda na Msomaji Mpya

Sergei Witte, aliyeshika wizara ya fedha kuanzia 1892 hadi 1903, aliyaendeleza hayo kwa upeo mkubwa zaidi. Ujenzi wa reli ya Siberia ulikuwa umeanza mwaka 1891. Mwaka 1897 rubli ilifungamanishwa na dhahabu, na mikopo kutoka Ufaransa ikamiminika. Reli, ambazo mwaka 1860 hazikuzidi kilomita 2,000, zilipita kilomita 50,000 kufikia mwaka 1900. Mwanzoni mwa karne ya 20 visima vya Baku vilitoa karibu nusu ya mafuta yote ya dunia. Katika miaka ya 1890 uzalishaji wa viwanda ulikua kwa kiasi cha asilimia 8 kwa mwaka.

Witte aliamini kwamba yote hayo yangeimarisha kiti cha enzi. Lakini reli iliyobeba nafaka ilibeba pia magazeti. Matbaa mpya za mvuke, karatasi rahisi na posta iliyofika mbali viliiondoa ile ngao ya bei ambayo kanuni za 1865 ziliitegemea. Tangu mwaka 1885 shirika la uchapishaji la Posrednik, lililoasisiwa na Tolstoy na mfuasi wake Vladimir Chertkov, lilishirikiana na Sytin kutoa vijitabu vya kopeki moja au moja na nusu, vilivyosambazwa na wachuuzi waliotembea vijiji kwa vijiji na mizigo mgongoni. Jarida la picha la Niva, lililokuwa na wanunuzi zaidi ya 100,000, liliwapa wanunuzi wake kazi kamili za waandishi wakubwa kama nyongeza ya bure. Mwaka 1899 mwenye jarida hilo, Adolf Marks, alinunua haki za maandishi ya Chekhov kwa rubli 75,000. Mwandishi wa Kirusi hakuwa tena kabaila anayeandika kwa starehe. Alikuwa mtu anayeuza kazi yake sokoni.

Dola ilijibu kwa kujenga kuta mpya ndani ya nyumba. Tamthilia iliyoruhusiwa katika majumba ya miji mikuu haikuruhusiwa katika kumbi za wafanyakazi bila ukaguzi wa pili, uliowekwa mwaka 1888. Kitabu kilichouzwa kihalali dukani hakikuingia katika maktaba ya bure ya kijiji ila kiwe katika orodha maalum ya wizara, kwa kanuni za 1890. Riwaya ya Tolstoy, Ufufuo, ilitolewa ndani ya Niva mwaka 1899 ikiwa na makato mengi, hasa katika sura zinazohusu ibada ya gerezani, ilhali maandishi kamili yalichapishwa na Chertkov huko Uingereza. Mwaka 1902 Maxim Gorky alichaguliwa kuwa mwanachama wa heshima wa Chuo cha Sayansi. Tsar aliagiza uchaguzi huo ubatilishwe, na Chekhov na Korolenko wakajiuzulu uanachama wao wa heshima.

Bustani ya Micheri ya Chekhov, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika Jumba la Sanaa la Moscow mwezi Januari 1904, inayakusanya haya yote katika shamba moja. Reli imepita karibu, na kwa sababu hiyo ardhi ya kabaila ina thamani kama viwanja vya nyumba za mapumziko kuliko kama bustani. Mnunuzi ni Lopakhin, mfanyabiashara ambaye baba na babu yake walikuwa watwana katika shamba hilohilo. Mtumishi mzee Firs anaukumbuka ukombozi kama msiba. Mdhibiti aliipitisha tamthilia hii, lakini katika kitendo cha pili alikata sehemu mbili za mazungumzo ya mwanafunzi Trofimov: moja inahusu malazi na chakula cha wafanyakazi, ya pili inahusu madhara ya kumiliki nafsi za watu. Makato hayo yanafaa kusomwa kama uhakiki. Mdhibiti aliruhusu kuuzwa kwa shamba, kicheko na machozi ya wenyewe. Alizuia mahali pawili ambapo mwandishi anauunganisha utajiri na chanzo chake, yaani mtwana wa jana na mfanyakazi wa leo. Bila sehemu hizo tamthilia hubaki kuwa maombolezo ya bustani.

Lugha Zilizofungiwa Mlango

Hoja ya kitabaka inathibitika zaidi inapotazamwa katika lugha zisizokuwa Kirusi, ambazo wazungumzaji wake kwa pamoja walikuwa zaidi ya nusu ya watu waliohesabiwa mwaka 1897. Waraka wa siri wa waziri Pyotr Valuev wa mwaka 1863 ulizuia vitabu vya Kiukreni vya dini, vya shule na vya kuwafundisha watu wa kawaida kusoma, lakini uliacha nafasi kwa fasihi ya kubuni. Agizo lililotiwa sahihi na Alexander II huko Ems mwaka 1876 lilikaza zaidi: vitabu vya Kiukreni visiingizwe kutoka nje, tafsiri zisichapishwe, maonyesho ya jukwaani yasifanywe. Shairi la Kiukreni mikononi mwa msomi lilivumiliwa kama mapambo. Kitabu cha alfabeti mikononi mwa mkulima kilionekana kuwa uasi.

Huko Lithuania, kuanzia miaka ya 1860 hadi 1904, ilikatazwa kuchapisha Kilithuania kwa herufi za Kilatini. Dola ilitaka herufi za Kirusi. Watu hawakuzikubali. Vitabu vilichapishwa ng'ambo ya mpaka, katika Prussia ya Mashariki, na kuingizwa kwa magendo na wakulima walioitwa 'wabeba vitabu', ambao baadhi yao waliuawa mpakani na wengine wakahamishiwa Siberia. Marufuku hiyo iliyodumu kwa takriban miaka 40 ilikigeuza kitabu cha sala kuwa tendo la kisiasa.

Alama za Uakifishaji

Dola ilijaribu pia kuwaongoza wafanyakazi kwa kuunda vyama vyao yenyewe. Sergei Zubatov, mkuu wa polisi wa siri mjini Moscow, alianzisha vyama kama hivyo kuanzia 1901. Kasisi Georgy Gapon aliendesha chama kilichofanana na hivyo St Petersburg, na ni yeye aliyewaongoza wafanyakazi kumpelekea Tsar ombi lao tarehe 9 Januari 1905. Askari waliwafyatulia risasi. Ombi hilo lilikuwa limeandikwa kwa lugha ya watoto wanaomlilia baba. Baada ya siku hiyo lugha hiyo haikuweza kutumika tena.

Kinachohusu makala haya zaidi ni tukio la mwezi Septemba mwaka huo. Katika matbaa ya Sytin huko Moscow, wapangaji herufi walilipwa kwa idadi ya herufi walizopanga. Walidai siku ya kazi ipunguzwe, na walidai walipwe pia kwa alama za uakifishaji: mkato, nukta na kadhalika. Tarehe 19 Septemba waligoma. Mgomo ulienea katika matbaa nyingine, kisha kwa wafanyakazi wa kazi nyingine, na mwezi Oktoba ukazifikia reli. Zile reli ambazo Witte alizijenga ziliposimama, nchi nzima ilisimama. Tarehe 17 Oktoba Nicholas II alitoa ilani iliyoahidi uhuru wa dhamiri, wa kusema na wa kukutana, pamoja na bunge la Duma. Siku mbili baadaye baraza la wafanyakazi wa St Petersburg liliamua kwamba matbaa zingepanga herufi za magazeti yale tu ambayo wahariri wao hawakuyapeleka kwa mdhibiti.

Ni nadra historia kujieleza wazi namna hii. Udhibiti wa awali haukuondolewa na mwandishi wala na msomi. Uliondolewa na watu walioigusa kila herufi ya fasihi hiyo kwa vidole vyao na kulipwa kwa hesabu yake. Sheria mpya za Novemba 1905 na Aprili 1906 zilithibitisha tu jambo ambalo tayari lilikuwa limetendeka. Mwezi Desemba, katika maasi ya Moscow, matbaa ya Sytin iliteketea kwa moto.

Faini Badala ya Kalamu ya Mdhibiti

Uhuru uliopatikana haukudumu katika ukamilifu wake. Pyotr Stolypin, waziri mkuu kuanzia 1906, alitafuta njia ya kuunganisha mkono wa chuma na mabadiliko ya uchumi. Kwa agizo la Novemba 1906 mkulima aliruhusiwa kujitoa katika jumuiya ya kijiji na kumiliki shamba lake. Katika kipindi hichohicho, baina ya Agosti 1906 na Aprili 1907, mahakama za kijeshi zisizo na rufani ziliwahukumu na kuwanyonga au kuwapiga risasi watu zaidi ya 1,000. Tolstoy alipoandika mwaka 1908 kwamba hawezi kunyamaza mbele ya mauaji hayo, magazeti yaliyochapisha vipande vya makala yake yalitozwa faini.

Adhabu hiyo ya faini inastahili kuzingatiwa. Ukandamizaji wenyewe ulikuwa umejifunza lugha ya soko. Badala ya kukata sentensi kabla haijachapishwa, dola ilingoja itoke kisha ikalipisha. Magazeti nayo yalijibu kwa namna ya soko: baadhi yaliajiri mtu wa kuitwa mhariri, ambaye kazi yake halisi ilikuwa kwenda jela faini iliposhindikana kulipwa. Gazeti lililofungwa lilizaliwa upya siku chache baadaye kwa jina lingine. Gazeti la Pravda, lililoanzishwa mwaka 1912, lilibadilisha jina mara kadhaa kabla ya kufungwa mwezi Julai 1914.

Hata hivyo, itakuwa kosa kudai kwamba kijitabu cha bei rahisi kilileta mapinduzi kwa sababu ya maudhui yake. Jeffrey Brooks, katika kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu usomaji wa umma nchini Urusi, alionyesha kwamba wasomaji wapya walipenda hadithi za majambazi, mapenzi, wapelelezi na watu waliofanikiwa maishani. Gazeti la Kopeika, lililouzwa kwa kopeki moja kuanzia 1908, lilijaa mambo hayo. Umuhimu wa msomaji huyo haumo katika kile alichokisoma. Umo katika kwamba alikichagua na kukilipia, akaamua mwenyewe kama kinafaa. Mwinyi anaweza kumvumilia raia mwenye mawazo mabaya. Hawezi kumvumilia raia aliyezoea kuchagua, kwa sababu kuchagua ndiko kunakokana uwinyi.

Hitimisho

Utawala wa Tsar ulitaka nguvu za viwanda bila ya watu ambao viwanda huwazaa. Ulihitaji fundi anayesoma michoro, karani anayesoma hati, askari anayesoma ramani. Lakini ulitaka wote hao waache kusoma walipofika nyumbani. Mpango wa kuitenga elimu na siasa kwa ukuta wa bei ulifaa katika uchumi wa makabaila na watwana. Haukuweza kustahimili uchumi wa reli, mishahara na matbaa za mvuke, na nyenzo hizo ziliwekwa na dola yenyewe. Vita vya 1914 vilipolemea uchumi huo na mkate ulipoadimika Petrograd mwezi Februari 1917, hapakuwa tena na neno la kuwaunganisha raia na mwinyi wao.

Kwa mhakiki wa fasihi, historia hii ina tokeo la kiutendaji. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki huipata fasihi ya Urusi kupitia tafsiri za Kiingereza, ambazo mara nyingi zilitokana na maandishi kamili yaliyochapishwa nje ya Urusi au yaliyorejeshewa makato yake baadaye. Ufufuo anaousoma mwanafunzi leo sio ule aliousoma mnunuzi wa Niva mwaka 1899, na Bustani ya Micheri ya vitabuni sio ile iliyotamkwa jukwaani mwaka 1904. Uhakiki unaojadili mtindo wa Chekhov, ile tabia yake ya kudokeza na kunyamaza, pasipo kuuliza ni unyamavu upi ulikuwa chaguo lake na upi uliwekwa na mdhibiti, huenda ukaisifu kalamu ya polisi kwa kudhani ni ya msanii. Swali la nani alisoma, kwa bei gani na kwa idhini ya nani halina budi kuulizwa kabla ya swali la maana.